Maziwa ya Ukweni

Mdogo wangu wa mwisho ni afisa mifugo wilayani Handeni, na maziwa hanywi. Si kwamba hayapendi. Akinywa kikombe kimoja tumbo linaanza kunguruma, kisha linadai chake, na baada ya hapo hakuna mjadala. Mimi pia ni hivyo hivyo. Nimeuza chai ya maziwa karibu na stendi ya Korogwe miaka mingi huku mwenyewe nikinywa ya rangi, na wateja wangu wamekwisha kuamua kwamba ni ubahili.

Nyumbani kwetu Old Korogwe jambo hili halikuwa na jina. Mama alikuwa akisema maziwa hayatupendi, kama mtu anavyosema juu ya jirani, na tukaishi nalo. Yeye na baba walipofariki wakifuatana, mimi nilikuwa kidato cha pili, na wadogo zangu wawili walikuwa bado wanashikwa mkono kuvuka barabara. Nikaacha shule. Sikupata nafasi ya kuisikitikia, kwa sababu jioni ile ile ilibidi nitafute unga. Wa katikati, wa kike, alisoma mpaka akawa mwalimu wa baiolojia hapa hapa Korogwe. Wa mwisho akasomea mifugo, na huko vijijini wanamwita Dokta. Mimi wananiita Dada, wao na mtaa mzima, wakiwemo wazee ambao mimi nawaamkia shikamoo.

Dokta anafanya kazi kupita Kwaluguru, kwenye nyanda kavu walikohamia wafugaji wa Kimaasai. Kule mgeni akifika haulizwi kama anakunywa maziwa. Analetewa. Na afisa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe wa watu hawezi kusema kwamba ng'ombe hao hao wanamwumiza tumbo. Atakuwa kama fundi cherehani anayetembea uchi. Kwa hiyo tangu alipoanza kazi alitafuta udhuru, akaupata ndani ya ukoo wetu.

Sisi ni wajukuu wa manamba wa mkonge. Babu alikuja kukata mkonge kwa mkataba, akaoa Mzigua, na watoto wao wakaoa na kuolewa popote walipoona mtu mwema. Matokeo yake, katika ukoo mmoja tuna msikiti na kanisa, na sikukuu zote ni zetu. Dokta alipoletewa maziwa alisema amefunga. Ramadhani alikuwa amefunga. Kwaresima alikuwa amefunga. Ramadhani ikiisha alifunga sita, kisha akawa analipa siku alizokosa, na Jumatatu na Alhamisi zilikuwa za sunna. Siku zilizobaki alikuwa kwenye maombi maalumu. Basi mdogo wangu, ambaye siku ya Idi na siku ya Krismasi tunamwamsha kwa maji, akajulikana katika vijiji vile kuwa mcha Mungu kupita shehe na mchungaji. Kuna mwaka walimwomba awaombee mvua. Ikanyesha, na hali ikawa mbaya zaidi.

Katika kuzunguka huko akampenda binti wa boma moja alilokuwa akichanja ng'ombe wake. Binti mwenyewe amemaliza kidato cha nne na anauza dawa za mifugo Handeni mjini. Yeye alijua kwamba Dokta hafungi, kwa kuwa alikuwa amemwona akila chapati na maharage mchana katika misimu ya dini zote mbili. Lakini si jambo la kumweleza mama yako, kwamba unajua kijana fulani anakula nini mchana.

Tukamtuma baba mdogo aende na sukari, majani ya chai na tumbaku kupeleka neno. Akarudi, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Kisha akasema baba wa binti hana pingamizi. Mama wa binti analo. Yule mama alisema kijana huyu amekuja nyumbani kwake kiangazi na masika, na hajawahi kugusa kibuyu chake. Alizipanga saumu zake zote akaona hazibakizi siku ya kula. "Huyo hafungi," alimwambia baba mdogo. "Huyo anatuona wachafu. Binti yangu haendi kwenye nyumba inayotudharau." Na kwa kuwa binti alikuwa wa mwisho kwake, baba mtu hakutaka kumpita mama.

Dokta alipoambiwa aliendelea kwenda kazini, akachanja, akarudi, akaacha kula hata zile chapati. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefunga kweli.

Mwalimu alinikuta jioni moja nachambua maharage ya shamba letu la Makuyuni, nikamweleza. Alifurahi, jambo ambalo sikulitegemea. Wiki chache nyuma alikuwa ametoka kwenye semina ya walimu wa sayansi, na tangu hapo alikuwa akisoma kwenye simu habari za asili ya binadamu kama watu wengine wanavyosoma habari za mpira. Kila wiki alikuwa na mfupa mpya. Aliwahi kuniambia kwamba zamani duniani hatukuwa aina moja tu ya watu. Walikuwapo wengine, wafupi na wanene wa mifupa, waliishi wakati mmoja na babu zetu na wengine walizaa nao, na kila wataalamu wakichimba wanakuta ndugu ambaye hakuna aliyemjua. Nilimwambia kwetu ndugu wa namna hiyo hutokea msibani, wakati wa kugawana mirathi.

Safari hii alikuwa na habari za maziwa.

"Dada, wewe si mgonjwa," akasema. "Na Dokta si mgonjwa. Ninyi ndio watu wa kawaida. Waliobadilika ni wao."

Akanieleza kwamba kila mnyama anayenyonya, awe ndama au mtoto wa mtu, ana kitu tumboni cha kuvunja sukari ya maziwa. Akiachishwa kunyonya, kitu hicho kinafunga duka. Watu wazima wengi duniani duka lao limefungwa. Ila kwa watu walioishi na ng'ombe kizazi baada ya kizazi, duka liliacha kufungwa. Kwa wafugaji wa upande wetu wa Afrika hayo yametokea katika miaka elfu chache iliyopita, ambayo kwa hesabu ya mifupa ni juzi. Kwa Wazungu yalitokea kivyao, mahali pengine kidogo kwenye vinasaba, bila upande mmoja kuuliza mwingine.

"Lakini kinachonikosesha usingizi ni meno," akaendelea. Watafiti walikwangua ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, katika meno ya watu waliozikwa Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita, wakakuta humo chembe za maziwa. Walipopima vinasaba, waliona dalili kwamba miili ya watu wale ilikuwa bado haijabadilika. "Walikunywa kabla hawajaweza, Dada. Vizazi na vizazi."

Nikamwuliza kwa nini mtu anywe kitu kinachomwumiza. Akasema hapo ndipo wataalamu wanapobishana. Wengine wanasema watu wale waliyaacha maziwa yagande, kwa sababu yakiganda sukari yake inapungua. Wengine wanasema ni miaka ya njaa, kwamba aliyeweza kuyanywa alibaki na asiyeweza hakubaki.

Nikamwuliza hayo yote yatamsaidiaje Dokta kuoa.

Akasema kwanza lazima tujue ukoo wetu umesimama wapi. Jumamosi asubuhi, kabla ya kutia kitu kinywani, tukakaa watatu kwenye mkeka uani, kila mmoja na jagi lake la maziwa. Mwalimu alikuwa na saa. Alitaka tunywe pamoja, tusubiri, na kila mmoja aseme anachokisikia, bila kuficha. Dokta alikunywa akitazama ukuta. Mimi nilikunywa kama dawa.

Sitaeleza yote. Choo chetu ni kimoja. Mimi na Dokta tulipokezana mlango bila kusalimiana, na kila nilipotoka nilimkuta Mwalimu pale pale kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mzima kabisa, anatuuliza inasokota upande gani. Hakusikia chochote. Mchana alikunywa jagi la pili ili kuhakikisha, akala na ugali.

Baba mmoja, mama mmoja. Aliwaza sana, kisha akatoa hukumu kwamba ni babu. Babu hakuwahi kusema kwao ni wapi. Akiulizwa alisema "bara" na kunyoosha mkono jua linakotua. Mwalimu akasema inaelekea huko bara walikuwa watu wa ng'ombe, na jambo hilo limeturuka sisi wawili likamwangukia yeye. Tangu siku hiyo alianza kumwita babu "babu yangu". Nyumba babu hakuacha, shamba hakuacha. Alichorithisha kilikuwa uwezo wa kunywa jagi la maziwa, na hata hicho hakikututosha wote.

Mpango ukawa rahisi. Mimi na Mwalimu tungeongozana na baba mdogo, na sukari nyingine. Yeye angekaa na wanaume, sisi tungeingia kwa mama. Mwalimu angekunywa maziwa mbele yake, mengi, kwa furaha, na mama angeona kwamba ukoo wetu haudharau. Mimi ningekuwa mkubwa wa kukaa kimya.

Tulifika asubuhi, ng'ombe wakiwa wameshatoka. Dokta alikuwa akitusubiri barabarani tuliposhuka kwenye gari, akabaki pale na pikipiki yake chini ya mgunga, kwa kuwa si vizuri mposaji akae anachungulia. Baba mdogo akachukuliwa upande wa wanaume. Sisi tukainama tukaingia nyumbani kwa mama wa binti, humo ndani giza na moshi kidogo. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye shanga nyingi na maneno machache. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Kiswahili chake kilikuwa kizuri cha mnadani. Akashusha kibuyu, akamimina kwenye kikombe kikubwa cha bati mpaka juu. Mwalimu akanyoosha mkono.

Yule mama hakumpa. "Mkubwa wenu ni nani?" akauliza.

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulikuwa tumefikiria vinasaba.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe ndiye uliyemlea yule kijana?"

"Ni mimi."

"Basi wewe ni Mama Dokta." Akanipa kikombe. "Ulimlisha nini?"

"Ugali wa muhogo na mlenda. Dagaa zikipatikana."

"Maziwa?"

"Maziwa hapana."

Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Akaniuliza kama kwetu maziwa ni haramu, au ni machafu, au ni yake tu yaliyo machafu. Aliuliza bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, na nilijua nikikirudisha tunaondoka na sukari yetu.

Nikamwambia ukweli. Kwamba kijana wangu hafungi ila pale anapokosa hela ya chakula. Kwamba alidanganya kwa aibu, na kama angekuwa bado mdogo ningemchapa. Kwamba tumbo lake halikubali maziwa, na langu halikubali, na la mama yetu halikukubali.

"Tumbo lisilokubali maziwa," akasema, kama mtu aliyeambiwa kuna ng'ombe asiyekubali majani. Hakuniamini. Niliona.

Mwalimu hakuweza kukaa kimya. Kimya hakikuwamo kwenye mafunzo yao. Akamweleza yule mama habari ya duka linalofungwa, ugaga wa meno na miaka elfu chache. Akafika mahali akasema hata wao, Wamaasai, babu zao wa kale sana walikuwa kama sisi.

"Sisi?"

"Ndiyo, mama. Zamani sana."

"Mwalimu, ng'ombe walishushwa kwetu kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Kama matumbo hayakuwa tayari, walishushwa wa nini?"

Mwalimu alifikiri. "Labda walishushwa kwanza, mama," akasema. "Matumbo yakafuata pole pole."

Yule mama akalipima hilo. Hakulikataa. Akasema inawezekana, maana Mungu wao hana haraka. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mambo ya kale yalikuwa yamekwisha na kikombe bado kilikuwa kimejaa.

"Mama," nikasema, "nitakunywa. Nitakunywa yote, uone kwamba si dharau. Halafu utaona kitakachotokea, uone kwamba si uongo. Ila kwanza nioneshe choo kiko wapi."

"Choo hakuna. Kuna pori."

Nikanywa. Yalikuwa matamu, yana harufu ya kuni walizosafishia kibuyu, na hiyo ndiyo ilikuwa hasara yenyewe, kwamba kitu kitamu vile hakikuwa changu. Nikamaliza, nikageuza kikombe chini aone. Akachukua shanga zake akaanza kutunga, jicho moja kwenye uzi, jicho moja kwangu, kama mtu aliyeweka sufuria jikoni. Wanawake wengine wawili wakaingia wakakaa. Walikuwa wameambiwa.

Tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza bei ya mahindi. Katikati ya bei ya mahindi tumbo langu likasema, kwa sauti ndefu inayopanda na kushuka, na ndama waliofungwa upande wa pili wa ukuta wakanyamaza.

Yule mama akaweka shanga chini, akainama kusikiliza.

"Ni hilo?"

"Ndilo."

"Limemaliza?"

"Linaanza, mama."

Nikatoka. Sikukimbia, kwa heshima ya msafara, lakini sikuchelewa. Nilirudi, nikakaa, nikaulizwa habari za nyumbani, nikatoka tena. Kule nyuma ya miiba nilipata muda wa kuwafikiria wale watu wa kale wenye ugaga wa maziwa kwenye meno. Niliwaona kama watu ninaowajua. Wataalamu wanabishana kwa nini walikunywa vizazi na vizazi kitu kilichowafanya wachuchumae porini. Wanasema njaa, wanasema kugandisha. Mimi sina elimu ya kubishana nao, ila nadhani baadhi yao walikuwa ukweni.

Niliporudi mara ya mwisho nilikuta wametandika ngozi pembeni pa moto. Wakanilaza. Mwalimu alikuwa na kikombe cha pili mkononi, anakunywa, na wanawake wale wawili walikuwa wanamtazama yeye na kunitazama mimi na kusemezana kwa Kimaasai. Mmoja akamwuliza kama kweli tumenyonya titi moja. Mwalimu akasema ndiyo. Yule mwanamke akasema basi titi halina kosa.

Mama wa binti akasogeza kigoda chake karibu na kichwa changu.

"Mama Dokta. Ulijua itakuwa hivi kabla hujanywa?"

"Nilijua."

"Na ukanywa."

"Nimekuja kuposa, mama."

Alitia kuni motoni. Kisha akaanza kumsema Dokta, kwa Kiswahili ili nami nifaidi. Alisema ni kijana mjinga. Alisema angefungua mdomo angepewa mgando, kwa kuwa hata pale bomani mtoto akisumbuliwa na tumbo hapewi ya leo, anapewa yaliyolala kibuyuni siku kadhaa. Hakuna ambaye angemcheka. Badala yake amewafanya watu waogope kupika mbele yake. Mvua yenyewe walimshukuru, na kumbe mvua ilikuja tu. Alimsema kwa urefu, na kadiri alivyomsema nilizidi kutulia, maana mimi nimelea. Mtu humsema hivyo mtoto wa nyumbani. Mtoto wa wenzako hupewa neno moja akaachwa aende.

Alipomaliza akatoka. Nikasikia sauti yake upande wa wanaume, fupi, na sauti ya mumewe ikijibu, fupi zaidi. Baba mdogo akakohoa. Yule mama akarudi akiwa na kondoo jike mweupe amemshika sikio, akaniwekea kamba mkononi pale pale nilipolala.

"Paker," akaniita.

Sikuelewa. Mmoja wa wale wanawake akatueleza kwamba watu waliopeana kondoo huacha kuitana walivyokuwa wakiitana. Yeye ataniita Paker na mimi nitamwita Paker, mpaka tufe. Hayo ni ya watu waliokwisha kuwa ndugu, akasema. Kwa wanaoifikiria tu posa hakuna neno la namna hiyo.

"Asante, Paker," nikasema.

"Lala kidogo," akasema. "Halafu uende. Jua litakuwa kali."

Tukashuka kuelekea barabarani mchana, baba mdogo mbele, Mwalimu na kondoo katikati, mimi nyuma nikienda taratibu. Dokta alituona tangu mbali akasimama. Hakuuliza tumesema nini. Alimtazama kondoo, akamfunua kope, akamnyanyua kwato moja baada ya nyingine, kwa sababu ndiyo kazi yake na mikono ilikuwa haina pengine pa kwenda. Yeye ameishi na watu wale, anajua kondoo huja na jina.

"Amekuitaje?" akaniuliza, bado ameshika kwato.

"Paker."

Akaiachia kwato, akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sare yake ya kazi.